Savea wa jirani, hela yako

Msomaji mmoja wa Leicester kaona picha za jiko langu jipya, kaniandikia: "Dada, ni kweli nitamlipa savea wangu na wa jirani pia?" Ni kweli, mdogo wangu. Anayejenga kwa faida yake ndiye anayelipa. Sheria ya kuta za pamoja, yaani kuta unazochangia na jirani na uchimbaji karibu na nyumba yake, ni ya mwaka 1996, inatumika England na Wales tu.

Savea huyu si yule wa nyumbani anayezika bikoni za viwanja. Anakagua kuta za jirani, anapiga picha kila ufa kabla hujachimba, kisha anaandika hati ya jinsi kazi itakavyofanyika.

Nyumba yetu imebanwa kati ya nyumba mbili. Msingi wa jiko ungepita ndani ya mita 3 kutoka kwa majirani na kwenda chini kuliko misingi yao, hivyo notisi ya mwezi mmoja ilikuwa lazima. Ukitoboa ukuta wenyewe wa pamoja kuingiza boriti za chuma, ni miezi miwili. Notisi niliziandika mwenyewe kwa kufuata mfano wa barua ambao serikali hutoa bure. Mama wa kulia nilishampelekea michoro mapema, tukanywa chai, akasaini kukubali. Upande huo sikumlipa savea hata senti. Picha za kuta zake tulipiga wenyewe.

Wa kushoto, mlaji wa pilau yetu ya Idi miaka yote, alikaa kimya. Siku 14 zikapita, na kwa sheria hii kimya ni mgogoro wa kuamuliwa na masavea, si ridhaa. Nikamwandikia tena kumpa siku 10 ateue savea. Akateua wake, akakataa kabisa tutumie mmoja kwa pamoja, jambo ambalo lingepunguza gharama. Inaniuma mpaka leo.

Savea wangu alitoza bei moja kwa kazi nzima. Wa jirani alitoza kwa saa, na VAT ya asilimia 20 juu yake. Wengi wetu tungelipa, kisha tukalalamike WhatsApp. Mimi niliomba mchanganuo wa saa zake. Sheria inataka gharama ziwe za kiasi, na yupo savea wa tatu, anayechaguliwa na wale wawili mwanzoni, wa kuamua wakibishana. Nilipomtaja huyo tu, bili ikashuka. Najivunia hilo kuliko marumaru za jiko!

Ndugu zangu wa ughaibuni, tuache uvivu wa kusoma karatasi. "Fundi kasema" si utetezi. Zungumza na jirani mapema. Peleka michoro iliyokamilika, maana kila mchoro unaokosekana ni saa nyingine ya savea. Chagua savea kwa makini, kwa kuwa akishateuliwa huwezi kumfukuza. Na jirani, narudia, zungumza naye mapema.

Wewe wa Leicester umesema nyumba ya jirani yako imegawanywa fleti mbili. Mwenye fleti ya juu, wa chini, na mwenye jengo zima, kila mmoja anastahili notisi yake, na kila mmoja anaweza kuteua savea wake kwa hela yako. Tafuta majina yao HM Land Registry, ofisi ya serikali inayosajili wenye ardhi na nyumba, kwanza, halafu ndiyo umpigie fundi.