Darubini yako ndogo sio mbovu, rudisha lenzi ya 25

Naongea na wewe uliyenunua darubini ndogo ya kuangalia nyota au umeletewa na ndugu kutoka nje, ukaitoa usiku wa kwanza kwa hamu yote ukaona ukungu na giza, na sasa hivi iko juu ya kabati inakula vumbi. Yangu ilikaa juu ya kabati miezi minne. Na ilikuwa nzima kabisa, tatizo lilikuwa nilivyoanza.

Ni hizi za kawaida, kioo cha mbele milimita 70, mrija mrefu, stendi ya miguu mitatu. Kwenye boksi wameandika inakuza mara 525 na hicho ndo kilichonishawishi kutoa hela. Hesabu yenyewe iko hivi: kwenye mrija kuna namba 700, unaigawanya kwa namba ya ile lenzi ndogo unayoweka jichoni, kwahiyo ya 25 inakuza mara 28, ya 10 mara 70, ya 4 mara 175, na ukichomeka tena ile ya kuongezea mara tatu ndo unaipata hiyo 525 yao. Sasa darubini ina kikomo chake, kwa makadirio chukua upana wa kioo cha mbele kwa milimita zidisha mara mbili, yani hii yangu mwisho ni kama mara 140, tena usiku ambao hewa imetulia. Ukipita hapo unapata kitu kikubwa kilichofifia ambacho hakina chochote ndani yake, na ukigusa tu stendi kinakimbia. Mi nilianzia kwenye 525, wiki nzima, nikaona darubini ni feki. Acha lenzi ya 25 ikae humo muda wote, hata ukitaka kwenda kwenye ya 10 anza na 25, weka kitu katikati kabisa, ndo ubadilishe. Ile ya kuongezea irudishe kwenye boksi.

Kazi ya kwanza ifanye mchana. Kale kadarubini ka pembeni ka kulengea lazima kaangalie sehemu moja na mrija mkubwa, la sivyo usiku utahangaika mpaka ulale. Tafuta mnara wa simu ulioko mbali, uweke katikati kwenye mrija mkubwa, halafu zungusha skrubu za pembeni mpaka kenyewe nako kaone ncha ileile. Ila uwe umeligeuzia jua mgongo. Na hapa naomba unisikilize vizuri: usielekeze darubini kwenye jua hata sekunde moja, jicho linaharibika na halirudi, na kama una watoto usiiache nje mchana peke yake. Ukikuta kwenye boksi kuna kioo kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jichoni, kimeandikwa ni cha kuangalizia jua, kitupe leo, pale ndipo joto lote linapokusanyika na kinaweza kupasuka jicho lako likiwa hapohapo.

Usiku wa kwanza angalia mwezi tu, basi. Na sio mwezi mpevu, huo unang'aa mno na hauna vivuli, unaonekana bapa kama sahani. Subiri siku ya tano mpaka ya tisa baada ya kuandama, jioni unaukuta juu, halafu angalia pale mwanga unapokutana na giza. Vivuli vya milima viko pale, kingo za mashimo zimesimama, kuna vilele vimeshapigwa na jua huku chini yake bado ni giza totoro. Shimo la Copernicus lina upana wa kilomita 93 hivi na unaliona wazi siku moja mbili baada ya mwezi kufika nusu. Mi hapo ndo nilipoacha kuilaumu darubini. Utaona pia kitu kinateleza kinatoka nje ya lenzi, usidhani stendi imelegea, ni dunia inazunguka, kwenye lenzi ya 10 una dakika moja na kitu tu kutoka katikati mpaka ukingoni, kwahiyo jizoeze kusogeza taratibu.

Baada ya mwezi nenda kwenye sayari ya Mshtarii, yani Jupita. Kwa lenzi ya 25 utaona vinukta vinne vimepangana mstari, ni miezi yake, au vitatu kama kimoja kimejificha, ni vilevile alivyoviona Galileo Januari 1610, na kesho yake ukirudi vimeshahama. Sayari ya Zohali, yani Saturn, nayo ipo, lenzi ya 10 inakuonyesha pete. Mwaka 2025 pete zilitugeukia ubavu zikawa kama uzi, toka hapo zinafunguka pole pole mwaka hadi mwaka. Usitegemee rangi za kwenye picha za intaneti, mawingu ya gesi kule juu utayaona kijivu, jicho letu gizani ndo lilivyo.

Kitu kingine, maelekezo ya darubini nyingi yameandikwa kwa watu wa kaskazini. Wanakwambia anza kwa kutafuta Nyota ya Kaskazini, sasa mi niko Dodoma, hiyo nyota iko chini ya upeo wa macho, hata ukeshe huioni. Kama hujanunua bado chukua stendi ya kwenda juu chini na kushoto kulia tu, achana na zile za vyuma vya kuzungukia vyenye vizito, hizo ndo zinazotaka uanze na nyota kama hiyo. Upepo wa huku nao ukianza unatikisa kila kitu, mi nafunga dumu la maji la lita tano katikati ya stendi, na najikinga na ukuta. Zima taa za nje, kaa gizani kama dakika ishirini bila kuchungulia simu.

Mwezi wa saba mama alikuja kutoka Pangani. Nikamwonyesha zile nyota mbili angavu zinazoelekea Msalaba wa Kusini, ile angavu zaidi kwa lenzi ya 10 inagawanyika kuwa mbili zimekaribiana. Akaangalia, akasema sawa mwanangu, Kilimia kiko wapi? Nikamwambia kile kishada cha nyota msimu huu ni mpaka alfajiri. Saa kumi na moja akaniamsha yeye, kashajifunga kanga mabegani, anasema wazee wetu walikuwa wanasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kwa macho amezoea kuhesabu sita. Kwenye lenzi ya 25 akafika kumi na kitu akaacha kuhesabu, akabaki ameinama tu. Nikambadilishia ya 10 nikidhani atafurahi zaidi.

"Hii imekikata," akasema. "Nirudishie ile ya kwanza."