Hati za Hazina zinazouzwa kwa mnada: ni biashara au ni riba?

SWALI

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, Shekhe wetu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Bombo, hapa Uganda. Nilipolipwa kiinua mgongo, kijana mmoja wa benki alinishauri ninunue hati za Hazina, zile wanazoziita treshari bili. Akaniambia: "Mama, hii si riba. Unanunua kitu cha milioni kumi kwa bei ya chini, siku yake ikifika unalipwa milioni kumi kamili. Ni kama kununua mahindi wakati wa mavuno." Kwanza nilinunua za siku 182. Zikaiva, na ile faida nikalipia karo ya mjukuu. Sasa nina za siku 364 nilizonunua kwa shilingi 8,700,000, zikiiva ni 10,000,000 kabla ya kodi. Nia yangu ilikuwa zinisaidie kwenda Hija. Juzi baada ya darasa la kina mama, mwenzangu akaniambia kuwa ninakula riba. Tangu siku hiyo usingizi umenipotea. Wengine wananituliza kwamba hata Mtume (rehema na amani zimshukie) aliuza kwa mnada. Nisaidie, Shekhe, na kama nimekosea niambie nifanye nini.

JAWABU

Waaleikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwalimu. Nakutangulizia jawabu kwa sababu ya huo usingizi uliokupotea, maelezo yatafuata: zile 8,700,000 ulizotoa ni mali yako halali, hakuna wa kukunyang'anya. Kinachozidi hapo si chako. Na mlango wa kutoka uko wazi, wala si mgumu.

Tuangalie kwanza kitu chenyewe, kwa sababu hukumu ya jambo hufuata kulifahamu. Serikali inapopungukiwa fedha kabla kodi hazijaingia, hukopa kwa muda mfupi, na Benki Kuu ya Uganda humsimamia mkopaji huyo. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano, Benki Kuu hufanya mnada wa hati za siku 91, 182 na 364. Mabenki, mifuko ya pensheni na wenye fedha nyingi huandika kiasi wanachotaka na bei wanayokubali kutoa kwa kila shilingi mia watakazolipwa mwishoni. Mmoja ataandika 87, mwingine 86, mwingine 85. Benki Kuu huanza na aliyetoa bei ya juu, maana huyo ndiye anayeikopesha serikali kwa nafuu, kisha hushuka mpaka kiasi kinachotakiwa kitimie. Waliobaki chini hurudi mikono mitupu.

Wewe na wengine wenye fedha kidogo hamwandiki bei. Mtu anaweza kuingia na shilingi 100,000 tu, na mpaka milioni 200 huhesabiwa kuwa mnunuzi asiyeshindana: anakubali bei itakayotoka mnadani. Siku ya pili, Alhamisi, fedha hukatwa kwenye akaunti yake ya benki na jina lake huandikwa kwenye daftari la dhamana la Benki Kuu. Hupewi karatasi mkononi, lakini deni lipo na limeandikwa.

Sasa hao wanaokutuliza kwa hoja ya mnada. Kuhusu mnada wenyewe, wamesema kweli. Anas bin Malik amepokea kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) alinadi tandiko na bakuli la mtu mmoja wa Ansari aliyekuja kuomba. Akauliza nani atavinunua, mmoja akasema dirhamu moja, akauliza nani atazidisha, mwingine akatoa dirhamu mbili, naye akamuuzia. Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi. Kwa hiyo watu kushindana bei hadharani hakuna lawama, maadamu hapaingizwi mtu wa kupandisha bei bila nia ya kununua, kwani hilo limekatazwa.

Lakini angalia kilichokuwa kinanadiwa pale Madina. Lilikuwa tandiko la kulalia na bakuli la kunywea maji. Mnunuzi alitoa dirhamu zake, akaondoka na kitu mkononi. Kwenye mnada wa Jumatano hakuna tandiko wala bakuli. Wewe unatoa shilingi leo, na serikali inaahidi kukupa shilingi nyingi zaidi baada ya siku 364. Wanachoshindania wale wakubwa ni kimoja tu, nani atakopesha kwa nyongeza ndogo zaidi. Mnada umekaa juu ya mkopo, na mnada hauwezi kuuhalalisha mkopo wenye nyongeza, kama vile mizani safi isivyoihalalisha nyamafu iliyopimwa juu yake.

Mafakihi wametuachia kanuni: katika mikataba kinachozingatiwa ni makusudio na maana, si maneno na sura. Basi tuyaweke kando maneno "bei", "kununua" na "punguzo", tutazame kilichotoka mfukoni mwako na kinachorudi. Zimetoka shilingi 8,700,000, zitarudi shilingi 10,000,000, na kati yake hakuna kitu kingine isipokuwa siku. Katika hadithi ya Ubada bin Samit iliyo katika Sahihi Muslim, Mtume alitaja dhahabu kwa dhahabu na fedha (ile ya madini) kwa fedha, na vingine vinne, akasema viwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Noti za leo wanazuoni wamezipa hukumu ya dhahabu na fedha kwa sababu ndizo thamani za vitu. Hapa masharti yote mawili yamevunjwa, si sawa kwa sawa wala si mkono kwa mkono.

Yule kijana wa benki simlaumu sana, huenda ndivyo alivyofundishwa. Ila mfano wake wa mahindi haukai. Anayenunua mahindi wakati wa mavuno ana magunia ghalani. Fukusi wanaweza kuyala, mvua inaweza kuyaozesha, bei inaweza kushuka akapata hasara. Amebeba kitu na amebeba hatari yake, ndiyo maana faida yake ni halali. Wewe hukubeba gunia lolote. Mtu akikwambia "ni bei ya chini tu", muulize: bei ya chini ya nini? Akijibu "ya pesa", amekwisha jibu swali lako, mwalimu.

Wapo waliosema kinyume, na si uaminifu kukuficha. Mwaka 1989 Mufti wa Misri wa wakati huo, Muhammad Sayyid Tantawi, alitoa fatwa ya kuruhusu vyeti fulani vya uwekezaji vya serikali, na wapo wanaoshikilia maneno hayo mpaka leo. Wanazuoni wengi walimpinga. Machi 1990 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikutana Jeddah likapitisha kwamba hati zinazobeba ahadi ya kulipa kiasi chake pamoja na nyongeza ni haramu, awe anayezitoa ni kampuni au ni dola. Likataja kwa jina lake na aina kama yako, hati isiyolipa riba waziwazi bali inauzwa chini ya thamani yake iliyoandikwa, likasema nayo ni mkopo wenye riba. Mimi nimeridhika na kauli hiyo, nayo ndiyo fatwa ninayokupa.

Kuna hoja nyingine niliyoisikia mara nyingi hata misikitini kwetu: serikali ni sisi wote, tajiri anayekopa kwa hiari, hakuna maskini anayedhulumiwa. Nimeifikiria sana hoja hii kwa sababu inasemwa na watu wema. Lakini serikali haina shamba la kulimia hiyo nyongeza. Inailipa kwa kodi, na kodi inatoka kwenye sukari ya mama wa Luweero, sabuni na mafuta ya bodaboda. Malipo ya riba ni miongoni mwa vifungu vizito vya bajeti yetu kila mwaka, na shilingi iliyokwenda huko haikwenda zahanati. Asiye na akiba hata ya kununua hati moja anachangia faida ya mwenye akiba. Qur'ani iliposema "msidhulumu wala msidhulumiwe", haikumtoa mkopaji ambaye ni dola.

Tuje kwenye lililo kubwa kwako: ufanye nini.

Zile za siku 182 zilizokwisha kwenda kwenye karo, usijitese nazo. Ulichukua ukiamini maneno ya mtu uliyemdhania anajua, na Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Baqara, aya ya 275, kwamba aliyefikiwa na mawaidha kutoka kwa Mola wake akajizuia, basi yake ni yaliyokwisha pita. Sheikhul Islam Ibn Taymiyya alielekea kwenye msamaha huu kwa aliyechukua akidhani ni halali. Mjukuu wako aendelee na masomo yake. Tubu na uliache lililopita. Ukijisikia kutoa sadaka, toa kwa hiari yako, sikulazimishi.

Za siku 364 ni jambo jingine, kwa sababu mawaidha yamekufikia kabla hujazipokea. Aya ya 279 ya sura hiyohiyo inasema mkitubu basi haki yenu ni rasilimali zenu. Huna haja ya kuhangaika kuziuza leo. Kumuuzia mtu mwingine deni hili kwa pesa taslimu kwa bei isiyolingana nalo kutakutoa shimo moja kukuingize jingine. Subiri ziive. Nenda benki wiki hii uangalie kama kwenye fomu uliagiza fedha zizungushwe kununua hati mpya siku zikiiva. Kama uliagiza hivyo, futa agizo, na uombe uthibitisho wa maandishi. Hili usiliahirishe, maana mzunguko huo hutokea wenyewe na mtu hujikuta ndani ya mwaka mwingine.

Siku ikifika, hesabu itakuwa hivi. Tofauti ni 1,300,000. Mamlaka ya kodi huchukua asilimia 20 ya tofauti hiyo, yaani 260,000, inakatwa kabla haijakufikia. Zitaingia 9,740,000. Toa rasilimali yako 8,700,000, zitabaki 1,040,000. Hizo ndizo za kutoa zote. Ile 260,000 iliyokatwa haikuwahi kuingia mkononi mwako, haikuhusu.

Usiziache benki hizo 1,040,000 kwa kuogopa kuzigusa. Zichukue uwape mafukara, au mgonjwa asiye na uwezo wa kulipa bili ya hospitali, au zichimbe kisima, au zilipie karo ya yatima asiye jamaa unayewajibika kumlisha. Usizitumie kulipa deni lako, kodi yako wala zaka yako, kwa kuwa hapo umejinufaisha nazo. Na unapozitoa usinuie thawabu ya sadaka, nuia kujivua kitu kisicho chako. Thawabu utaipata kwa kule kutii. Huna haja ya kumwambia unayempa zimetoka wapi, kwake yeye ni halali.

Zaka iko kwenye rasilimali. Deni hili liko kwa mwenye uwezo wa kulipa, hivyo 8,700,000 zihesabu pamoja na akiba yako nyingine, na kama jumla inafikia thamani ya nisabu (kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka) na mwaka umepita, toa asilimia mbili na nusu. Ile ziada haina zaka, kwani inatoka yote.

Hija uiendee kwa hizo 8,700,000 na utakachoongeza kwa njia safi. Zisipotosha, basi bado haijakulazimu, na Mola anajua nia yako. Sitaki uende Makka ukiwa kwenye tawafu unajiuliza ni hatua ipi imelipiwa na nini.

Umebaki na swali ambalo hukuliandika lakini nalisikia: mama mstaafu aiweke wapi akiba yake isiliwe na mfumuko wa bei? Swali hilo ni la haki. Tangu sheria ya mabenki irekebishwe mwaka 2016, benki za Kiislamu zimeruhusiwa nchini, na mwaka 2023 Salaam Bank ikapata leseni ya kwanza. Huko uliza akaunti ya mudharaba, ambayo fedha zako huingia kwenye biashara na mnagawana kinachopatikana, na uulize pia hasara ikitokea nani anaibeba. Wakikuhakikishia faida maalumu bila hatari yoyote, uliza tena kwa ukali. Au vyumba viwili vya kupangisha hapo Bombo. Au mtaji kwa mfanyabiashara mwaminifu, kwa mkataba ulioandikwa na mashahidi, hata akiwa mtoto wa dada yako. Hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka, tunaona aibu kuandikiana na jamaa.

Na serikali yenyewe si kwamba haina njia. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka na miaka miwili kabla, akaruhusu, kwa sharti kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Juu ya msingi huo Bahrain ilianza mwaka 2001 kutoa sukuk (hati za uwekezaji zisizo na riba) za muda mfupi, za siku 91, ambazo wawekezaji hulipia bidhaa itakayokabidhiwa baadaye. Nigeria ilitoa sukuk za barabara mwaka 2017. Wabunge wetu na viongozi wa Waislamu tuwaombe jambo hili kila tunapokutana nao, kwa upole na bila kuchoka. Wapo walimu wastaafu wengi walio kwenye hali yako, na wengi wao hawakupata mwenzao wa darasani wa kuwaambia.

Huyo mwenzako mshukuru. Akikubali, nendeni pamoja benki siku ya kufuta lile agizo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.