Paka wa kuokota kajificha mvunguni siku ya nne, usimvute

Mkuu umesema jirani kahama kamuacha paka, ukamchukua, leo siku ya nne yuko mvunguni, hujamuona akila na mama watoto anataka umrudishe alikotoka. Subiri kwanza. Wangu nilimkuta stoo ya nyumba ya nyuma, wapangaji walihama wakamfungia humo, mbavu unazihesabu, masikio yamejaa utitiri ndani meusi tii.

Kosa nililofanya, siku ileile nikamuogesha, tena na ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe kwenye maji, najiona msafi kweli. Alinichana mpaka kwenye kiwiko, nikaenda kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa, halafu daktari wa mifugo ananiambia dawa ile ni sumu kwa paka maana akijilamba anaimeza. Na panadol usithubutu hata kipande, inaua paka.

Kilichomtuliza ni kumpunguzia eneo. Chumba kimoja tu, boksi lenye tundu la kuingilia, beseni la mchanga mkavu kona ya mbali na chakula, na kanga kuukuu tuliyokuwa tunajifunika ili azoee harufu yetu. Halafu nikaacha kumtafuta. Jioni naingia, nakaa sakafuni nimempa mgongo, nachezea simu yangu nusu saa, natoka. Usimkodolee macho, kwa paka huo ni ugomvi. Akikuangalia we fumba macho polepole ufumbue, siku akikujibu hivyohivyo basi ameanza kukuzoea.

Chakula weka usiku watu wakilala, asubuhi angalia sahani na mchanga. Kama kinapungua anakula, anakuogopa tu. Ila kama kweli siku mbili tatu hajatia kitu mdomoni usingoje tena, paka akikaa na njaa ini linaharibika, mpeleke kwa daktari. Wangu dagaa wakavu aliwapita kama hajawaona, nilipowachemsha bila chumvi nikampa na supu yake ya uvuguvugu ndo akatoka. Kidogo kidogo mara nne kwa siku, maana tumbo lililosinyaa ukilijaza anatapika. Maziwa achana nayo, paka wakubwa wengi yanawaharisha.

Dawa ya minyoo, chanjo ya kichaa na kufunga uzazi fanya akishapata nguvu kidogo. Na kwa vile nyumba yake ya zamani iko hapohapo jirani, mlango ufunge wiki tatu nne hivi, la sivyo utamkuta amekaa kwenye baraza lao anawasubiri.

Kuhusu mama watoto, mwachie yeye kazi ya kuweka chakula. Wa kwangu alikuwa hataki hata kumsikia huyo paka, ila mimi narudi kazini usiku ikabidi awe anaweka yeye. Siku ya kumi na saba paka katoka mvunguni mchana kweupe, kanipita mimi niliyechanwa mkono, kaenda kujisugua kwenye miguu yake.