Mkuu, usiziendeshe hizo faili za 29A. Soma tu!

Mkuu uliyeanzisha uzi, toa mkono kwenye mausi kwanza.

Umeuliza 29A, kile kikundi cha waandishi wa virusi vya kompyuta, walikuwa kina nani, jina lao lilitoka wapi, walitofautianaje na vikundi vya Marekani kama Phalcon/Skism na NuKE, na wale waandishi wa virusi wa Bulgaria waliowatangulia. Sawa. Halafu ukamalizia kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani: una majarida yao yote manane, na unataka kuviendesha virusi vilivyomo kwenye kompyuta ya zamani ya SACCOS yenu yenye Windows 2000, "haitumiki sana", uone vilikuwa vinafanyaje.

Haitumiki sana! "Haitumiki" na "haitumiki sana" hata si ndugu. Hiyo "sana" ndiyo iliyoniponza mimi.

Historia haraka haraka, maana siyo iliyoniamsha. 29A walianzia Hispania katikati ya miaka ya 1990, watu wa BBS moja iliyoitwa Dark Node. Kwa mliozaliwa juzi, BBS ilikuwa kompyuta ya mtu nyumbani kwake. Unaipigia kwa modemu kupitia simu ya mezani, unaacha ujumbe na faili zako, unakata ili mwingine naye apate laini. Jina ni namba. Kwa hesabu za msingi wa kumi na sita, 2 mara 256, jumlisha 9 mara 16, jumlisha A ambayo ni 10, unapata 666. Namba ya mnyama, Ufunuo 13:18. Utoto mtupu. Toleo la kwanza la jarida walilitoa Ijumaa tarehe 13 Desemba 1996, saa "6:66" asubuhi, yaani 7:06 kwa saa ya watu wenye akili zao. Huku kwetu ingekuwa saa moja na dakika sita na utani wote ungekufa.

Waliandika kwa Kiingereza ili wasomwe kote, wakapata watu wa nje: Vecna wa Brazili, Benny na Ratter wa Ucheki, na wengine. Sifa waliyoitafuta ni kuwa wa kwanza. Mwaka 1997 mmoja wao akatoa Cabanas, kirusi kilichoweza kuishi kwenye Windows 95 na Windows NT pia. Januari 2000 walikuwa tayari na kirusi cha Windows 2000, wakati Microsoft wenyewe walianza kuiuza rasmi Februari. Mwaka 2008 wakafunga duka. Virusi vyao vingi havikuwa vya kufuta diski ya mtu, walikuwa wanaringia ufundi. Na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu ukishasikia "hakifuti kitu" unalegea. (Kile kilichofuta diski na kuharibu hadi BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta, yaani CIH, si chao. Kilitoka Taiwan mwaka 1998, na siku yake ya kulipuka ni 26 Aprili. Sikukuu ya Muungano, ndiyo.)

Ya Wamarekani na Wabulgaria siku nyingine.

Sasa sikiliza. Mwaka 2003 nilikuwa nasoma chuo hapa Dar na jioni na Jumamosi nakaa kwenye steshenari ya mjomba wangu. Kompyuta tatu, zote Windows 98, fotokopi moja iliyokuwa inakula karatasi kama mbuzi, na printa moja. Kazi kubwa ilikuwa kuchapa na kuprinti risechi za wanafunzi. Kazi ndogo, ambayo mjomba hakuiandika popote, ilikuwa kuwachomea watu CD za programu kwa shilingi elfu mbili mia tano.

Hosteli kulikuwa na jamaa tuliyemwita Profesa. Hakuwa profesa, alikuwa ameshindwa somo moja mara tatu. Lakini alikuwa na modemu, na mwenye modemu miaka ile ndiye aliyekuwa na neno. Ndiye aliyenipa majarida ya 29A kwenye CD, na ndiye aliyenipa sentensi ambayo nimeisoma tena leo kwenye uzi wako karibu neno kwa neno: "Hivyo ni vya makumbusho, vimekufa, antivirusi zote zinavijua."

Profesa, popote ulipo, natumaini printa yako inakwama karatasi kila siku ya maisha yako.

Kwamba antivirusi zilivijua ni kweli. Ndiyo maana nilipoanza kufungua faili zile, antivirusi ya dukani ilipiga kelele kama kengele ya shule. Mimi nikafanya nini? Nikaizima. Dakika tano tu, nikajisemea. Mkuu, kama kuna sehemu moja ya uzi huu unapaswa kuikumbuka ukisahau nyingine zote, ni hii. Mlinzi wa geti amesema "huyu mgeni simtaki", mimi nikampa mlinzi nauli arudi kwao, nikamfungulia mgeni mwenyewe na kumkaribisha chai.

Nilichokiendesha kinaitwa Marburg, kazi ya mwanachama wao aliyejiita GriYo, na ndani yake kina saini kabisa, jina lake na la kikundi. Nilikichagua kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba hakifuti kitu. Kumbe nilisoma nusu. Kirusi kile kikiendeshwa kinatafuta programu kwenye folda kilipo, kisha kwenye folda ya Windows na ya System, kinazipachika nakala yake, na kila nakala inakuja na sura tofauti ili usiishike kirahisi kwa kuifananisha na mwenzake. Kinafuta pia faili ambazo baadhi ya antivirusi hutunza kumbukumbu za programu zilivyokuwa kabla hazijaguswa. Halafu kinanyamaza. Hakuna ujumbe, hakuna muziki, hakuna kitu.

Nikasubiri. Nikafungua Solitaire, ikafunguka. Nikafungua kikokotoo, kikafunguka. Nikamwambia Profesa jioni ile, kwa majivuno ya mtu aliyemshika nyoka mkia, kwamba ni kweli, kimekufa. Antivirusi sikuiwasha tena. Nilisahau tu, mkuu. Sina maelezo mazuri zaidi ya hayo.

Na folda niliyokiendeshea unaijua ilikuwa ipi? Ile ya programu za kuwachomea wateja.

Jumamosi hiyo ilikuwa tarehe 12 Aprili, saa nne asubuhi. Naikumbuka saa kwa sababu kirusi nacho kiliikumbuka. Marburg kinahesabu miezi mitatu tangu kilipoingia kwenye programu. Ukija kuifungua programu ile miezi mitatu baadaye, katika saa ileile, ndipo kinajionyesha.

Tarehe 12 Julai, saa nne na kitu, duka limejaa. Kulikuwa na mama mmoja mwalimu anamalizia risechi yake ya shahada, kurasa zaidi ya themanini, flopi yake imo kwenye mashine na kazi iko wazi. Mjomba akainama kwenye kompyuta hiyohiyo kumpigia hesabu ya kuprinti. Akafungua kikokotoo.

Kioo kikajaa alama za hatari. Zile duara nyekundu zenye msalaba mweupe katikati, ambazo Windows hukuonyesha mambo yakiharibika. Si moja, zilimwagika kila pahali, juu ya risechi, juu ya kikokotoo, kama mtu amerusha bisi. Mama akapiga ukelele. Mjomba, ambaye aliamini kila alama nyekundu ni moto, akafanya ambacho mtu yeyote mwenye duka la mbao angefanya: akachomoa waya ukutani.

Flopi ilikuwa inasevu.

Elewa kilichotokea hapo. Kirusi hakikufuta herufi hata moja ya risechi ya yule mama. Angeachwa abonyeze, asevu, aprinti, aende zake, angetusimulia kama kichekesho. Kilichoiua risechi ni waya, na kilichochomoa waya ni hofu, na aliyeileta hofu dukani ni mimi. Faili haikufunguka tena. Tulijaribu kila kitu. Nakala aliyokuwa nayo ilikuwa ya mwezi mmoja nyuma. Nilikaa naye jioni kumi na moja nikimchapia upya bure kutoka kwenye karatasi zake za mkono, na kila jioni alinisalimia kwa upole sana, jambo ambalo ni baya kuliko kutukanwa.

Usidhani yaliishia hapo. Mjomba akaita fundi. Fundi akaangalia kompyuta ikiwa imewashwa upya, sasa saa nane mchana, alama hazipo (saa imepita, si ndiyo), akatikisa kichwa na kusema kioo kimeanza kuoza. Kuoza! Akamuuzia mjomba kioo kilichotumika kwa shilingi elfu sitini. Mimi najua ukweli, nimesimama pembeni, mdomo mkavu, sisemi. Hiyo elfu sitini niliilipa baadaye, lakini ule ukimya sijamaliza kuulipa.

Nilisema siku ya tatu, kwa sababu CD zilianza kurudi. Nilikuwa nimeshawachomea watu zaidi ya ishirini kutoka folda ile. Tukarudisha hela za waliokuja, na wale tuliowafahamu nikawafuata majumbani na maofisini kusafisha mashine zao, nauli yangu mwenyewe, daladala mbili mbili. Wengine sikuwapata mpaka leo. Kuna ofisi mahali ambako miezi mitatu baadaye mtu alifungua Solitaire akadhani amerogwa, na chanzo ni mimi.

Kitu kimoja tu kilinifariji, nilipokuja kusoma kwamba Julai 1998 Marburg hichohicho kilitoka kwenye CD ya jarida la PC Gamer, toleo la Uingereza na matoleo ya nchi nyingine kadhaa za Ulaya, na Agosti kikaonekana kwenye CD ya mchezo wa WarGames. Watu wenye wahariri, wanasheria na mashine za kisasa walichoma kirusi kwenye CD wakauza. Mimi nilikuwa na mjomba na mbuzi wa fotokopi. Ila wao hawakuizima antivirusi kwa mkono wao, najua, msinikumbushe.

Sasa rudi kwenye SACCOS yenu. Windows 2000 uliyonayo ndiyo makazi ya Stream, ambayo Benny na Ratter waliitoa mwaka 2000. Hiyo inakaa mahali pa programu na kuisukuma programu asili kwenye tundu la pembeni la faili ileile, tundu ambalo lipo tu kwenye diski ya NTFS, ule mpangilio wa kutunza faili wa Windows za aina hiyo. Ukiendesha programu kila kitu kinaonekana sawa. Siku mhasibu wenu atakapoinakili programu ya leja kwenye flashi, na flashi nyingi hazina NTFS, lile tundu halisafiri. Kinachofika upande wa pili ni kirusi peke yake, programu yenyewe imebaki njiani. Nenda kawaelezee wanachama kwenye mkutano mkuu kwamba ulikuwa unafanya utafiti wa historia.

Na usiniambie utakuwa mwangalifu. Cabir, kirusi chao cha simu cha Juni 2004, kilikuwa kinaomba ruhusa. Simu yako ya Nokia inakuuliza kama unapokea ujumbe wa Bluetooth, ukikataa hakiingii, ingawa kitakuuliza tena na tena. Watu walibonyeza ndiyo. Kwenye mashindano ya riadha ya dunia Helsinki mwaka 2005 kilikuwa kinarukaruka uwanjani kutoka simu hadi simu, katikati ya watu waliolipa kiingilio. Ratter alipotengeneza cha kompyuta za mkononi za Windows CE mwaka huohuo wa 2004, kilitokeza kidirisha chenye heshima zote kumuomba mtumiaji kibali cha kuenea. Wale jamaa walishajua kwamba hawana haja ya kuvunja mlango, mwenye nyumba atafungua akiulizwa vizuri. Na wewe hata kuulizwa hujaulizwa!

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii na sina nyingine: maandishi ya 29A soma, programu zao usiziendeshe. Majarida yamejaa makala, mahojiano, msimbo wenye maelezo mstari kwa mstari. Msimbo wa Marburg nimeusoma mwanzo hadi mwisho kwa kufungua faili ya maandishi tu, na nimeuelewa vizuri kuliko Jumamosi ile nilipouendesha, kwa sababu kuuendesha kulinionyesha Solitaire inayofunguka. Ungekuwa unaona nini ukikaa mbele ya kirusi kinachosubiri miezi mitatu? Utaona hakuna kitu, utasema kimekufa, utamwandikia Profesa.

Futa zile faili za programu leo, bakiza maandishi. Ukishafuta niandikie pembeni nikuelekeze makala za kuanzia.

Mjomba bado ana duka. Kompyuta sasa ni mpya, antivirusi inajisasisha yenyewe, na nenosiri la kuizima analo yeye peke yake. Ila hesabu za wateja anapiga kwa Casio ya betri iliyofungwa kamba kaunta, na nikipita kumsalimia huwa anaisogeza kidogo upande wake.