Ngozi ya bandia kwenye kidonda cha mama

SWALI: Dokta shikamoo, mama alifanyiwa oparesheni ya mguu hapa Dodoma, kidonda kimechimbika mpaka kano inaonekana nyeupe, sasa wanasema watamwekea ngozi ya bandia, hiyo ni plastiki au? Msomaji, Kongwa

JIBU: Marahaba mwanangu, mpe mama pole sana. Sio plastiki tupu. Ile inayojulikana zaidi, Integra, iliyobuniwa Marekani na mtaalamu Yannas na daktari Burke na kuruhusiwa huko 1996, chini ina kolajeni, yaani protini inayoshikilia mwili, ya kano za ng'ombe, ndio, ng'ombe kama hawa wetu, imechanganywa na kitu cha kwenye gegedu (mfupa laini) la samaki papa, juu ina silikoni nyembamba, utando laini kama mpira, ya kuzuia vijidudu. Mishipa midogo ya damu inaota humo taratibu, wiki 2 mpaka 3 hivi, rangi inatoka nyekundu inakuwa njano-njano kama embe linaloanza kuiva, hapo silikoni inabanduliwa anachunwa ngozi nyembamba pajani inabandikwa juu. Kwahiyo oparesheni ni mbili, jiandaeni. Kidonda chenye usaha haishiki, lazima kisafishwe kwanza. Na tafadhali sana msipake asali wala majani, mkisikia harufu mbaya au akipata homa rudini hospitali usiku huohuo.