Re: Kwani Wanigeria wana nini na Tinubu?
Mkuu umeuliza mbona kila ukifungua X Wanigeria wanamtukana rais wao Tinubu. Ilianza siku ileile anaapishwa, 29 Mei 2023, akatangaza ruzuku ya mafuta basi, siku chache tu petroli ikatoka chini ya naira 200 kwa lita ikagonga karibu 500, mwezi uliofuata naira nayo ikaachiwa iporomoke. Sasa kule umeme wa gridi ni wa kubahatisha, kinyozi, fundi cherehani, muuza soda wote jenereta, kwahiyo petroli ikipanda hadi kunyoa kunapanda. Wanaomtetea wanasema ruzuku ilikuwa inaliwa na wajanja na mafuta yalikuwa yanavushwa kimagendo kwenda nchi jirani ya Benin, hapo hawajakosea, ila unamwambia mwenye njaa avumilie huku wabunge walinunuliwa magari ya kifahari mwaka huohuo wa 2023, utaacha kutukanwa?