Je, kila kirukia ni Loranthus? Uainishaji na mtawanyiko wa virukia vya nchi za joto

SWALI: Ninapanga upya sampuli za mimea zilizokaushwa. Virukia vya zamani karibu vyote vimeandikwa Loranthus na vichache Viscum, lakini maandiko mapya yanataja Agelanthus, Phragmanthera, Englerina na majina mengine mengi, na baadhi ya hazinadata zinaiweka Viscum katika familia ya msandali. Nifuate majina yapi? Na kwa nini virukia vya Afrika havina undugu wa karibu na vile vya Amerika ya Kusini, ilhali mabara haya mawili yaliwahi kuungana?

JIBU: Ndugu msomaji, maswali yako mawili yana mzizi mmoja, nao ni kwamba neno kirukia halitaji ukoo bali hutaja namna ya kuishi. Mmea wowote unaoota juu ya tawi la mti mwingine na kupenyeza kinyonyaji chake hadi kwenye mishipa ya maji ya mti huo, huku ukiendelea kujitengenezea chakula kwa rangi yake ya kijani, tunauita kirukia bila kuuliza umetokana na nani. Uchunguzi wa DNA umeonyesha kwamba ndani ya oda ya Santalales, ile ya msandali na jamaa zake, maisha hayo ya juu ya matawi yalianza mara tano, kila mara katika nasaba tofauti. Nasaba mbili ndizo zenye spishi nyingi, yaani Loranthaceae, yenye jenasi 70 na ushei na spishi zinazokaribia 1,000, na Viscaceae, yenye jenasi 7 tu lakini spishi zaidi ya 500. Zilizobaki ni Misodendraceae, ambayo inaishi kwenye misitu ya baridi ya kusini mwa Chile na Argentina na kwa hiyo haituhusu hapa, pamoja na makundi mawili madogo yaliyo jirani na msandali, moja la Asia ya kusini-mashariki na jingine la Amerika.

Jina Loranthus lina historia ya kupanuliwa na kupunguzwa. Mwishoni mwa karne ya 19 Mfaransa Van Tieghem aliigawa jenasi hiyo vipande vingi, lakini wengi hawakumfuata. Mjerumani Engler na waliomfuata waliendelea kukusanya chini ya jina hilo mamia ya spishi kutoka Afrika na Asia, na ndiyo asili ya lebo ulizozikuta. Katika miaka ya 1930 Mholanzi Danser alipendekeza mpangilio wenye jenasi ndogo ndogo zilizoainishwa vizuri zaidi, na kwa upande wa Afrika kazi hiyo ilikamilishwa na Polhill na Wiens mwaka 1998. Leo Loranthus kwa maana yake halisi ni jenasi ndogo ya Ulaya na Asia, wala haina spishi hata moja Afrika kusini mwa Sahara. Kwa hiyo sampuli ya Kiafrika yenye jina hilo inahitaji kutambuliwa upya. Nakusihi usibandue lebo ya zamani: iache mahali pake na ubandike nyingine kando yake yenye jina jipya, jina la aliyetambua na tarehe, kwa sababu lebo ile ya kwanza ndiyo inayounganisha sampuli na maandiko ya wakati wake.

Kuhusu Viscum, tofauti uliyoiona ni ya mipaka ya familia tu, haigusi jenasi. Mfumo wa APG, unaotumiwa sana kuainisha mimea yenye maua, unaimeza Viscaceae ndani ya Santalaceae, yaani familia ya msandali, wakati wataalamu wa oda hii, wakiongozwa na Nickrent na wenzake katika mpangilio wao wa mwaka 2010, wanaiacha ikijitegemea. Mimi nafuata mpangilio wa pili, kwa sababu Santalaceae ikipanuliwa kiasi hicho inakuwa kapu la mimea isiyo na sifa za pamoja zinazoonekana kwa macho. Chagua mmoja na uufuate katika makabati yote.

Kutenganisha familia hizi mbili kubwa kwenye sampuli kavu si kazi ngumu endapo kuna maua. Ua la Loranthaceae kwa kawaida lina jinsia zote mbili, mara nyingi ni refu na lenye rangi kali, na juu ya ovari yake kuna ukingo mwembamba mithili ya bangili uliobaki kutoka kwenye kaliksi, yaani duara la nje kabisa la ua. Ua la Viscaceae ni dogo sana, lina jinsia moja, rangi yake ni ya kijani au njano iliyofifia, nao ukingo huo haupo. Ndani ya Loranthaceae za Afrika, tazama petali na chavulio, yaani vifuko vya chavua: petali zilizoachana kabisa zinaelekeza kwenye Helixanthera, na chavulio zilizogawanywa na kuta za kukingama zinaelekeza kwenye Phragmanthera, na hata jina lake limetokana na sifa hiyo. Usitegemee umbo la majani peke yake, kwani hubadilika mno hata ndani ya spishi moja.

Mazoea yanayofanana yanaweza kukupotosha pia. Viscum minimum ya Afrika Kusini huishi karibu mwili wote ndani ya mimea ya Euphorbia, na Tristerix aphyllus ya Chile huishi vivyo hivyo ndani ya kakati, kila moja ikichomoza nje kwa ajili ya maua na matunda. Ukiziona picha zao utadhani ni ndugu, kumbe ya kwanza ni Viscaceae na ya pili ni Loranthaceae.

Sasa tuje kwenye mabara. Loranthaceae ina asili ya kusini, katika ardhi zilizokuwa sehemu ya Gondwana, bara kubwa la kale la kusini. Jamaa zake wa kale zaidi waliobaki hawaishi juu ya matawi bali wananyonya mizizi ardhini: Nuytsia ya Australia Magharibi, Atkinsonia ya Australia mashariki na Gaiadendron ya milima ya Amerika ya Kati na ya Kusini. Afrika, hata hivyo, ilijitenga na Amerika ya Kusini takriban miaka milioni 100 iliyopita, kabla virukia vya familia hii havijasambaa juu ya miti. Ndiyo maana Loranthaceae za Afrika bara zote zimo katika kundi la Lorantheae, lenye msingi wa kromosomu 9 (idadi iliyomo katika seti moja), ambalo ni la Asia, Australia na Ulaya pia, na nasaba zake ziliingia Afrika kutokea upande wa Asia; Helixanthera bado ina spishi pande zote mbili. Amerika ilikuza kundi lake yenyewe, lenye Psittacanthus na Struthanthus. Viscaceae nayo imegawanyika hivyo hivyo: Phoradendron, yenye spishi zaidi ya 200, na Dendrophthora ni za Amerika tu, wakati Viscum ni ya Afrika, Madagaska, Asia, Ulaya na Australia.

Wasafirishaji ni ndege. Mbegu imefunikwa kwa ulimbo unaoigandisha kwenye tawi baada ya ndege kuitema au kuinya, na kila bara lina walaji wake: Pogoniulus Afrika, familia ya Dicaeidae Asia na Australia, Euphonia Amerika. Hata bahari imevukwa. Hawaii haina Loranthaceae ya asili, lakini Korthalsella, mmea mdogo wa Viscaceae usio na majani ya maana, imefika huko na kwenye visiwa vingi vya Pasifiki na Bahari ya Hindi.

Mwisho, kagua sampuli zilizotoka kwenye mtarakwa, yaani Juniperus procera, wa nyanda za juu za Afrika mashariki. Vijiti vidogo visivyo na majani vilivyoota juu yake ni Arceuthobium juniperi-procerae, ambayo kwenye lebo za kabla ya mwaka 1976 huandikwa A. oxycedri, na mbegu zake hurushwa na tunda lenyewe kwa kupasuka.